Hope Awiti, Fizio Aliyewafundisha Wanajeshi Kupumzika

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Hope Awiti atafunga mlango wa chumba cha tiba ya viungo katika Zahanati ya Mkono Mwema, Mashimoni, Kibera, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Ametimiza miaka sitini, na sheria ya kazi inasema imetosha. Sisi tunaofanya kazi naye tuna mashaka na sheria hiyo, kwa sababu Bi. Awiti bado anapanda kilima cha kutoka mtoni hadi getini huku akizungumza, na sisi wadogo wake tunamwitikia kwa kutikisa kichwa tu. Pumzi ya kumjibu hatuna.

Kamati ya sherehe ilinipa kazi ya kuandika wasifu huu mimi, Isaac Nyamai, mfamasia, na nadhani walifanya hivyo kwa utani. Dirisha langu la dawa linatazamana na mlango wake, na kwa miaka mingi mama huyu amekuwa akininyang'anya wateja mchana kweupe. Mtu anaingia kwake akiwa amepanga kupitia kwangu baadaye, kisha anatoka na kwenda zake nyumbani akinipungia mkono. Kwa hiyo msomaji ajue kwamba sifa zote zilizomo humu zimetoka kwa mshindani, na mshindani hasifu bure.

Alizaliwa Bondo, akasomea tiba ya viungo hapa Nairobi, na mwaka wa 1994 akaajiriwa na zahanati yetu. Alipewa chumba kilichokuwa stoo ya mashuka, kitanda kimoja, na pazia lisilofika mwisho wa waya. Siku hizo watu wa mtaa hawakujua fizio ni nani. Wengi walidhani ni mtu wa kukanda kwa mafuta, na wote waliamini kwamba hospitali isiyokuchoma sindano imekuonea. Mgonjwa akikaa kitako kudai sindano yake, Bi. Awiti alimwomba wasimame wakaizungumzie nje wakitembea, na wengi walifika getini kabla ya kukumbuka walichokuwa wakidai. Ndipo lile jina la Fizio lilipomshika, na leo ukiulizia Hope Awiti pale kwenye kioski cha maji, watakutazama tu.

Nisimpake sukari kupita kiasi. Fizio ana kichwa kigumu. Chai yake ina sukari ambayo mimi kama mtaalamu wa afya siwezi kuitetea, na mandazi ya ofisini yakipungua hatuhitaji kufanya uchunguzi. Amewahi pia kuhamisha benchi la wagonjwa kutoka mbele ya dirisha langu bila kuniuliza, kwa madai kwamba waliokaa pale walikuwa wanakaa sana. Tulinuniana wiki nzima. Benchi halikurudi.

Amewatibu mama fua, wajenzi, watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda na wazee waliopooza upande mmoja. Lakini kazi itakayobaki na jina lake ni ile ya wanajeshi wastaafu wenye maumivu sugu ya kiuno. Kibera na Kawangware kuna wanajeshi wastaafu wengi. Wapo Wanubi, ambao mababu zao waliletwa hapa wakiwa askari, wakazaa askari, nao wakazaa askari wengine. Wapo pia waliotoka magharibi na Ukambani, wakatumikia, wakastaafu, wakajenga nyumba za kupangisha Kawangware. Wengi wao walirudi uraiani na migongo iliyochoshwa na mizigo mizito, malori yanayoruka mashimo, na miaka ya kulala popote.

Hawa wazee walimsumbua Fizio kuliko wagonjwa wengine wote, kwa sababu moja. Mwanajeshi hasemi anaumwa. Huko kambini anayeripoti ugonjwa huitwa mvivu, na sikio lililosikia hivyo halisahau. Ukimuuliza mgongo unaendeleaje, anakujibu kwamba yuko sawa, madam, huku ameshika meza. Kisha anavuka ukumbi, anakuja kwangu kwa sauti ya chini, ananunua dawa za maumivu za wiki mbili. Mmoja wao, Mukhwana, aliyekuwa dereva wa malori, alifunga kiuno kwa mshipi wa ngozi mpana kama mlango, na ilimchukua Fizio miezi kumshawishi kwamba mgongo wake hautaanguka chini akiufungua.

Tena walikuja na picha zao za eksirei kwenye bahasha za kaki, wakazilinganisha pale benchini kwa fahari kubwa kuliko ya nishani. Aliyekuwa na mfupa uliochakaa zaidi alipewa heshima zaidi. Fizio alizitazama zote kwa adabu, kisha akawaeleza kwamba mabadiliko yale ni mvi za mgongo. Wengi wa rika lao wanayo, hata wasioumwa popote. Aliwaambia kwamba kuumwa si lazima kumaanishe kitu kinavunjika, na kwamba mgongo unaofichwa kitandani huzidi kuwa mkaidi. Tangu hapo akaacha kabisa kuwauliza maumivu yakoje. Swali lake likawa moja tu: jana ulifanya nini?

Hapo ndipo anapoingia Sajenti Taha. Taha Abdulhamid ni Mnubi wa Makina, hapa Kibera, mtoto wa sajenti na mjukuu wa sajenti, mtu mrefu mwenye sauti ya kusimamisha gwaride. Kwa miaka mingi alikuwa mteja wangu mwaminifu kuliko wote. Alikunywa dawa za maumivu asubuhi na jioni kama wengine wanavyokunywa chai, na zile ambazo mimi nilikataa kumpa, alizipata kwingine. Miaka mitatu iliyopita, Daktari Yvonne wetu alipima damu yake na kumweleza bila kuzunguka kwamba dawa zile zilikuwa zimeanza kuharibu figo zake. Alimchunguza pia kuhakikisha kwamba miguu ina nguvu, haja ndogo haina shida, wala hakuna ugonjwa mwingine uliojificha mgongoni. Hakukuwa na kitu cha kupasua, na dawa zile asingezigusa tena.

Mke wake, Mabrouka, ndiye aliyetueleza kilichokuwa kikimuuma zaidi ya kiuno. Taha alikuwa ameacha kwenda msikitini. Hakuweza tena kuinama akafika chini, kwa hiyo alikuwa anaswali kwenye kiti cha plastiki pembeni mwa safu, na imamu alimwambia mara nyingi kwamba mgonjwa ana ruhusa na hana lawama. Taha aliyajua hayo. Lakini ile safu ya mbele alisimama na baba yake tangu akiwa mtoto, na kiti kile kilimfedhehesha moyoni. Akaanza kuswali nyumbani, mlango umefungwa. Alichotaka ni kuweka paji la uso chini tena, pamoja na wenzake, kabla mwili haujakataa kabisa. Sasa ilibidi afanye hivyo bila hata kidonge kimoja.

Fizio akaanzisha kikundi. Jumanne walikutana Mashimoni kwenye ukumbi wetu, na Alhamisi alikwenda kwenye tawi letu la Kawangware 46. Mazoezi yenyewe hayakuwa na maajabu: kutembea, kulala chali na kuinua nyonga, kuinama kidogo kidogo, kuvuta pumzi polepole, kulala saa za kutosha. Aliwaambia wayafanye kila siku, wasikose. Wazee walisimama wima, wakapokea, wakaondoka. Nilimwona Fizio akirudi chumbani kwake amefurahi mno, anaimba.

Alikuwa amesahau anazungumza na nani. Raia ukimwambia afanye mazoezi kila siku, atafanya Jumatatu, na Jumatano ataanza kutafuta visingizio. Mwanajeshi anaona hiyo ni amri, na akisikia kambi nyingine imepewa amri ileile, yanakuwa mashindano. Koplo mstaafu Opondo, aliyekuwa kiongozi wa Kawangware 46, alimpigia Sajenti Taha simu na kumwarifu, kwa heshima zote za mtu wa cheo cha chini, kwamba vijana wake walikuwa wanafanya mara mbili ya kiwango. Kijana mdogo kabisa katika hao alikuwa na wajukuu. Taha akaamuru Mashimoni wafanye mara tatu. Kawangware wakatembea hadi Dagoretti na kurudi. Kibera nao wakajaza mawe kwenye mikoba ya mgongoni, kama enzi za depo ya mafunzo, wakazunguka mtaa kabla ya jua kuchomoza.

Jumanne iliyofuata Fizio aliwasubiri ukumbini, hakutokea hata mmoja. Alidhani kuna msiba. Baadaye walianza kufika wake zao, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiwa na swali lilelile: mzee amelala tangu juzi, hageuki, umempa nini? Sisi wengine tulicheka mpaka machozi, na mpaka leo ukitaka kumkasirisha Fizio, mtajie mawe.

Mabrouka hakucheka. Alikuja moja kwa moja dirishani kwangu, amejitanda leso mbili, macho mekundu. "Daktari, mzee hajapata usingizi, leo siku ya tatu," akaniambia. "Nipe tu zile zake za zamani. Kidogo tu. Sitaambia mtu." Alijua kuhusu figo, alijua vizuri kuliko mimi. Lakini mume wake alikuwa amemwambia kwamba mambo ya Fizio yameisha, kwamba msikiti umeisha, na kwamba afadhali afe na figo mbovu kuliko kulia mbele ya mke wake. Sikumpa. Nilivuka ukumbi nikamwita Fizio, akaiacha chai yake ikiwa moto, jambo ambalo sijaliona tena.

Nilimsindikiza hadi Makina. Taha alikuwa amelala akitazama ukuta, na alitujibu bila kugeuka kwamba yuko sawa. Fizio alihakikisha kwanza kwamba hakukuwa na dalili mpya ya hatari, kisha akaketi mkekani na kumwambia kwamba kosa lilikuwa lake. Alimpa mwanajeshi amri isiyo na mwisho, na mwanajeshi akaitekeleza. Fizio akamuuliza kama zamani, baada ya safari ndefu ya miguu, askari wake walikuwa wanamwambia wameumia. Hapo sauti ile ya gwaride ikarudi. Taha alisema hakuna askari aliyewahi kusema. Yeye ndiye aliyewavua viatu mmoja mmoja, akakagua nyayo, na akiona malengelenge, alimkalisha mtu chini kwa lazima. Fizio akamuuliza nyayo zake yeye zilikaguliwa na nani. Mabrouka alitoka nje, nikamsikia akisugua sufuria ambazo zilikuwa safi tayari.

Njiani tukirudi, Fizio alikuwa anatembea kwa kasi na kuzungumza peke yake. Alikuwa amegundua kwamba wazee hawa hawatajihurumia kamwe, hata uwaambie nini, ila hawawezi kuvumilia kuona mwenzao anaumia. Basi akawapanga wawili wawili. Kila mtu alipewa mgongo wa mwenzake kuukagua, na ni mwenzake pekee aliyeruhusiwa kumwongezea zoezi au kumsimamisha. Kanuni ilikuwa kuacha ukiwa bado una nguvu ya kuendelea. Na kwa ujanja ambao mimi naupenda sana, kila mtu wa Kibera alipewa mkaguzi wa Kawangware. Rafiki wa kambi yako utamshawishi mfanye kidogo zaidi. Mpinzani wako atakukatalia kwa raha zake zote.

Taha akapewa Opondo, ambaye wakati huo naye alikuwa amelala chali Kawangware akijuta. Walipoinuka, hawakupendana hata kidogo. Opondo alikuja Makina mara mbili kwa wiki, akasimama mlangoni kama mkaguzi wa hesabu, na Taha akiongeza hata mwinamo mmoja, alisikia: "Sarge, hapo imetosha. Wacha." Koplo kumwamuru sajenti asimame, na sajenti akasimama. Mabrouka anasema hajawahi kufurahi hivyo katika ndoa yake.

Kuinama kwenyewe walikuchukua kwa hatua. Kwanza Taha aliinama akaweka viganja kitandani. Alipozoea, akashuka hadi kwenye kiti, baadaye kwenye kigoda cha Mabrouka cha jikoni, kisha kwenye mto juu ya mkeka. Kila hatua ilichukua majuma, nyingine miezi. Opondo ni Mkristo wa kupiga ngoma kanisani, lakini alijifunza namna ya kurukuu na kusujudu ili ajue ni wapi hasa mwenzake anapojikaza. Siku moja mkewe, Adhis, alimkuta sebuleni amepiga magoti akijaribu, na alikuwa ameshachukua simu kumpigia pasta kabla Opondo hajajieleza.

Mambo hayakwenda yakipanda tu. Msimu wa mvua ndefu Taha aliteleza kwenye tope, akarudi nyuma kabisa hadi kitandani. Alimwambia kila mtu yuko sawa. Opondo alimtazama tu anavyofunga kamba za viatu, akamrudisha kwenye kigoda, na wakaanza upya bila maneno mengi. Dirishani kwangu hakuonekana. Figo zake Daktari Yvonne anazipima kila baada ya muda, na zimetulia.

Leo kikundi kina watu wengi kuliko viti tulivyonavyo, na wapo waliopunguza dawa kwa usimamizi wa daktari hadi wakaziacha. Mukhwana ametoa mshipi wake kwa mjukuu, anafungia mbwa. Wataalamu kutoka zahanati nyingine wamekuja kutazama, wakitarajia mashine, wakakuta wazee wawili wawili wakigombana kuhusu nani aache. Chumba cha Fizio kitachukuliwa na Ndinda, aliyefunzwa naye kwa miaka minne, na ambaye tayari ameanza kuangalia kiti changu kwa jicho baya.

Lakini nimeacha mwisho kitu kilichotokea Ijumaa moja ya Oktoba mwaka huu. Sala ya mchana ilikuwa imetoka. Opondo alifika getini kwetu akiwa amevaa suti, nikajua kuna jambo. Alikuwa amekaa nje ya msikiti muda wote, karibu na viatu, akisubiri. Nyuma yake alikuja Sajenti Taha kwa kanzu nyeupe, anatembea taratibu, mkono mmoja kiunoni. Fizio alitoka chumbani, na mimi nikaacha kuhesabu vidonge vya mtu.

Hakumuuliza maumivu. Alimuuliza kama kawaida, leo umefanya nini, Sajenti. Taha akasema amesujudu, rakaa zote mbili, safu ya mbele, na hakuitisha kiti. Fizio alianza kutabasamu. Kisha Taha, ambaye kwa miaka yote niliyomfahamu alikuwa sawa akiwa amelala na akiwa amesimama, akasema tena, hakuna aliyemuuliza: "Na inauma, Fizio. Inauma mpaka saa hii. Nimeona nikwambie."

Fizio alimkumbatia mbele ya foleni nzima, akalia bila kuficha. Opondo alijifanya anasoma tangazo la chanjo ukutani. Mimi nililia nyuma ya dirisha langu, na sina haja ya kulificha hilo hapa. Kisha Fizio alifuta uso, akamshika Sajenti mkono, akamwambia vizuri, basi leo inatosha, nenda nyumbani ukapumzike, na Sajenti akaenda.

Fizio, kwa niaba ya Mashimoni na Kawangware 46, kwa niaba ya migongo yote iliyopita mlangoni kwako na ya mfamasia uliyemharibia biashara, tunakushukuru kutoka moyoni. Bondo ikupokee vizuri, shamba likupe zaidi ya unavyotegemea, na chai iwe tamu upendavyo. Ishi vyema na uishi sana, mama. Na siku ukiumwa, tafadhali usituambie uko sawa.